Mapazia ya Dirisha Lingine

“Mama, mimi nikifungua dirisha, mji wote uko chini yangu. Nikitaka hewa, natoka balkoni. Nikitaka maji, nafungua bomba yanakuja mbio kama yameitwa kwa jina. Mji huu hakuna kijana aliyekaa vizuri kunizidi, na anayebisha mlete nimwonyeshe.”

Maneno hayo yalisemwa kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, na kijana aliyekuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa katikati ya sebule tupu isiyo yake.

Nyumbani alikuwa na jina alilopewa na wazazi, lakini mjini walimwita Ghorofa, kwa sababu maneno yake hayakujua kukaa chini. Kazi yake ilikuwa udalali wa nyumba. Ukitaka kupanga, unamtafuta yeye. Anakuja na pete kubwa ya waya kiunoni, imejaa funguo za nyumba za watu, zinalia kila anapopiga hatua, anakuzungusha mtaa kwa mtaa huku akikusifia kila kitu. Chumba chenye giza anakiita chumba cha usingizi mzito. Jiko ambalo ukigeuka unagonga kiwiko, anakuambia limepangwa kwa akili, kila kitu kiko karibu. Nyumba iliyopakana na karakana ya kuchomelea vyuma, anakuambia hapo mwizi hasogei, maana watu wako macho kutwa.

Na mji wenyewe ulimbeba. Haukuwa mkubwa wala mdogo. Ulikuwa mji wa kadiri, ule ambao watu wa jiji kuu wakishachoshwa na kodi za kukata pumzi wanahamia na masanduku yao, halafu wanawapigia ndugu zao simu: njooni, huku mtu anapanga vyumba viwili na jiko na bado anakula nyama. Karani alikuwa na sebule. Mshona viatu alikuwa na sebule. Hata yule bwana aliyekuwa akiuza soksi kwenye ngazi za posta alikuwa na sebule, tena yenye kochi la kukunjua. Aliyekosa alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa akiwagawia wenzake.

Ghorofa alilala kwenye nyumba zilizokuwa zikisubiri wapangaji. Godoro lake la sponji lilikunjwa na kufungwa kamba, na kila nyumba alikoingia aliingia nalo kwa mlango wa nyuma. Huo nao una ufundi wake, msiudharau. Hapigi msumari ukutani hata siku moja. Akioga, anaifuta sakafu ya bafu mpaka ikauke. Hapiki, maana harufu ya kitunguu haina adabu, inabaki ikisema. Asubuhi anafungua madirisha yote ili joto la mwili wake litoke, anaokota nywele, anafunga. Mwenye nyumba akija anakuta pamepoa kana kwamba binadamu hajawahi kufika. Kisha anapatikana mteja, naye anabeba godoro lake na kuhama. Kila alipoifanya kazi yake vizuri, alikosa pa kulala.

Si kwamba hakuweza kupanga. Nyuma ya duka la dobi kulikuwa na chumba cha chini, mlango unaangalia uani, dirisha moja, bomba hatua chache. Dobi alikuwa akimtazama na godoro lake, akamwonea huruma.

“Ghorofa, chukua hiki, na wewe ukae kama watu.”

“Mimi? Chini?”

“Kwani chini kuna nini?”

“Chini wanakaa waliokata tamaa, mzee wangu.”

“Mimi nakaa chini,” dobi akasema, akairudia pasi yake bila kukasirika. Ufunguo aliokuwa amempa awaonyeshe wapangaji hakuudai. Ukabaki kwenye ile pete pamoja na wenzake.

Shida ilianza na picha. Kila alipopata fleti nzuri ya kulala, Ghorofa aliipiga picha na kuituma nyumbani. Dirisha leo, balkoni kesho, bomba linalomwaga maji keshokutwa. Dada yake mkubwa, ambaye kazi yake ni kushona mapazia, akafurahi kweli. Akamwambia: nipe vipimo vya dirisha la sebuleni, nikushonee, mdogo wangu hawezi kukaa dirisha wazi kama mtu anayeoga barabarani. Ghorofa akachukua utepe akapima dirisha la fleti aliyokuwamo wakati ule, karibu na tangi la maji. Lilikuwa dirisha la haja, ukuta hadi ukuta, limebakiza kidogo liguse sakafu. Muda si mrefu fleti ile ikachukuliwa na daktari wa meno. Ghorofa akahama. Vipimo vikabaki kwa dada.

Ndipo mama alipopiga simu.

“Mwanangu, nimerudisha chumba.”

“Chumba gani, mama?”

“Changu. Nimemrudishia mwenyewe ufunguo. Nikajiuliza, mtu mwenye mtoto mwenye fleti anapangaje chumba? Nimewaaga majirani. Sufuria nimegawa, meza nimegawa. Nakuja kukaa kwako, baba.”

Ghorofa alitaka kusema. Tumtendee haki, alitaka. Neno lilipanda mpaka kwenye meno, likafika pale penye mwanya wake wa mbele, likakuta mlango uko wazi kabisa, na bado likageuka likarudi. Mwanya huo aliurithi kwa mama. Katika ukoo mzima walikuwa wawili tu wenye nao, na mama alipenda kusema kwamba wengine wanazaa watoto, yeye alizaa na kugonga muhuri.

Kilichotoka ni hiki: “Karibu mama. Nyumba ni yako.”

Kwa bahati, au tuseme kwa balaa, wakati huo alikuwa analala mahali pa maana. Ilikuwa fleti ya ghorofa ya tatu, mali ya mfamasia mstaafu aliyekuwa akiishi upande mwingine wa mji na kumwachia yeye ufunguo awaonyeshe wateja. Vyumba viwili, jiko, balkoni yenye vyuma vilivyopindwa maua. Akapanga hesabu zake vizuri. Mama aingie hapo, akae siku kadhaa balkoni, awapigie simu majirani zake wa zamani awaambie anavyouona mji, moyo wake ujae. Halafu yeye angebuni jambo, bomba limepasuka, mwenye nyumba amegombana na mkewe, chochote, washuke wote wawili kwenye kile chumba cha dobi, na mama angesema, si neno mwanangu, ni kwa muda tu. Wateja angewapiga chenga. Alikuwa na hakika. Ghorofa hakuwahi kukosa hakika.

Walifika asubuhi, mama na dada. Mama mguu wake mmoja ulikuwa na goti bovu, na kila penye kituo cha ngazi alisimama, akaegemea ukuta, akajifanya anatazama rangi.

“Hii nyumba yako, mwanangu,” akasema kwenye kituo cha pili, “iko karibu na Mungu.”

“Huku juu hewa safi, mama.”

“Naiona hewa. Ndiyo ninayoitafuta.”

Dada alikuwa nyuma yao, furushi la mapazia begani, begi la mama mkononi. “Mdogo wangu, majirani zako ni nani, njiwa?”

Ghorofa akacheka. Akafika mlangoni akachomeka ufunguo, haukuzunguka. Akachomeka wa pili. Akachomeka wa tatu.

“Umesahau ufunguo wa kwako?” dada akauliza.

“Kitasa kipya hiki.”

“Na funguo zote hizo?”

“Za ofisini.”

Mlango ukafunguka. Dada akaingia, akazunguka, akaingia chumba cha kwanza akatoka, cha pili akatoka, akasimama katikati ya sebule karibu na ile ndoo.

“Vitu viko wapi?”

“Kwa fundi. Nimeviondoa vyote vikapigwe vanishi. Nilitaka mama akute vinang’aa.”

“Hata kijiko?”

“Dada, wewe umekuja kupumzika au umekuja kufanya ukaguzi?”

Mama alikuwa akiupitisha mkono ukutani polepole, kama anayempapasa mtoto kuona kama ana homa. Akauliza choo kiko wapi, na Ghorofa, ambaye milango ya nyumba zote alizolala ilikuwa imemchanganyika kichwani, akamfungulia kabati la mifagio.

“Kitakuwa kile kingine,” mama akasema kwa upole.

Mapazia yakafunguliwa. Yalikuwa mazuri, tusiseme uongo. Kitambaa kizito rangi ya udongo mbichi, upindo mara mbili, na pembeni dada alikuwa ameshona utepe wa kufungia asioambiwa na mtu. Akapanda juu ya ndoo, akalitundika la kwanza kwenye fimbo ya zamani iliyokuwapo, akaliachia. Likashuka, likapita kizingiti cha dirisha, likafika sakafuni, na likaendelea. Likalala pale miguuni mwake rundo zima, na upana wake ulitosha kulifunika dirisha na ukuta na sehemu ya mlango wa jiko.

Dada alilitazama kwa muda.

“Dirisha limenywea?”

“Walikarabati.”

“Walikarabati, dirisha likawa dogo?”

“Ndiyo mtindo wa sasa, dada. Madirisha makubwa yanaingiza jua.”

Dada akashuka kwenye ndoo. Alimtazama jinsi fundi anavyotazama nguo iliyoletwa na mtu anayedai imechanika yenyewe. Kisha akaliacha pazia lile moja pale lilipo, akaukunja mkia wake na kuupandisha kizingitini usichafuke, akakusanya mengine begani.

“Nimeona mtu ana cherehani pale chini, karibu na lango. Nakwenda kumwomba niyapunguze. Na nikirudi, mdogo wangu, utanieleza lile dirisha nililolishonea liko kwa nani.”

Ghorofa akacheka tena. Safari hii alicheka peke yake.

Alipoondoka dada, mama alifungua begi lake akatoa picha ya marehemu baba, ile ya kwenye fremu ya mbao, baba amevaa koti la kuazima na uso wa mtu asiyeazima kitu. Akauliza msumari.

“Picha tuisubirishe kidogo, mama.”

“Isubiri nini?”

“Ukuta huu... rangi yake bado changa.”

“Baba yako hakuwahi kukaa sakafuni akiwa hai, mwanangu. Usimwanzishe leo.”

Ghorofa akaenda bafuni kufungulia maji, kwa sababu yale maji yaliyokuwa yakija mbio yakiitwa kwa jina, siku hiyo yalikuwa hayasikii jina lolote. Alikuwa amepiga magoti akiizungusha koki ya chini aliposikia sauti ya mama kwenye ujia wa nje, anaongea na mtu, anacheka kidogo. Akatoka mbio, mikono inadondosha kutu.

“Nimemsalimia jirani yako wa mlango wa pili,” mama akasema, akirudi. “Mama mwungwana. Nimemwambia mimi ndiye mama yako, nimehamia leo. Anashangaa. Anasema kila siku anakuona ukipita na wageni, hakujua kama unakaa humu.”

“Nina watu wengi, mama. Kazi.”

“Ndivyo nilivyomwambia.” Mama akaiegemeza picha ukutani, akainama kuitazama kama imenyooka. “Nyundo anayo, mumewe ndiye anayeitafuta. Atatuletea.”

Ghorofa akautazama ukuta. Nyundo kwenye ukuta wa mfamasia mstaafu, mtu ambaye akija hupitisha kidole juu ya fremu za milango. Alikuwa bado anatafuta namna ya kumrudisha jirani na nyundo yake kabla hajaja, simu ikalia. Akaenda nayo balkoni, akavuta mlango ambao kumbe ulikuwa wa kusukuma, akausukuma, akatoka na kuufunga nyuma yake.

“Ghorofa,” sauti ya mfamasia ikasema, “kuna mwalimu nimemtuma. Picha ameziona, amezikubali. Anataka kuona jiko tu, akiridhika anachukua.”

“Lini, mzee?”

“Yuko ngazini.”

“Leo hii?”

“Kwani kesho fleti itakuwa tamu zaidi? Mwonyeshe. Na kama una shughuli, niambie, kuna dalali mwingine hapa kila siku ananiomba huo ufunguo.”

Ghorofa akatazama chini. Mji wote ulikuwa pale chini yake, kama alivyosema. Aliona paa la dobi, aliona nguo za watu kwenye kamba uani, akaona mlango wa kile chumba, umefungwa. Ukweli ulikuwa mwepesi wakati huo. Ulikuwa wa hatua chache: aingie ndani, ashike mkono wa mama, amwambie mama, hapa si kwangu, twende nikuonyeshe mahali. Mama angesikitika, angekaa juu ya begi kidogo, kisha angesimama. Ghorofa aliyajua yote hayo. Akavuta mlango, akaingia.

“Mama, ingia chumbani upumzishe mguu. Kuna mtu wa ofisini anapita mara moja.”

Lakini mama hakuwa sebuleni. Mama si mtu wa kukaa mahali akaona vumbi akaliacha. Alikuwa amepata kitambaa chini ya sinki, amepiga magoti jikoni, lile zima na lile bovu, anaifuta sakafu kwa maji kidogo ya chupa yake ya safarini. Na mlango ukagongwa.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, mkoba kwapani, aina ya mtu anayeingia mahali na vitu vyote vinajihisi vinapaswa kusimama wima. Ghorofa akamfungulia na tabasamu lake la kazi, lile pana, linaloonyesha mwanya wote. Lilikuwa limekwisha pangisha nyumba nyingi tabasamu hilo.

“Karibu mwalimu, karibu. Sebule hiyo. Angalia mwanga huo.”

Mwalimu hakuangalia mwanga. Akaliangalia begi la mama. Akaangalia picha iliyoegemezwa ukutani. Akaenda moja kwa moja jikoni alikosema anataka, akasimama mlangoni.

“Fleti hii ina mtu?”

“Hapana, mwalimu. Tupu kabisa.”

“Na huyu?”

Mama alikuwa ameinua uso. Alikuwa tayari kutabasamu, tayari kukaribisha, mkono umeanza kujifuta kwenye nguo ili uweze kusalimia. Alikuwa anamsubiri mwanawe amtambulishe.

“Huyo,” Ghorofa akasema, na akayasikia maneno yakitoka bila kugusa popote, “ni mama wa usafi. Nimemleta apitishe kitambaa kabla hujaingia.”

Mkono wa mama ukasimama. Haukusimama sana. Muda wa mtu kumeza mate. Kisha ukarudi sakafuni, ukaendelea pale ulipoishia.

“Karibu mwalimu,” mama akasema, macho chini. “Angalia usiteleze, hapo bado pabichi.”

“Asante, mama. Pole na kazi.” Mwalimu akafungua kabati, akalifunga, akajaribu bomba, halikutoa kitu. “Maji?”

“Wanatengeneza,” Ghorofa akajibu. Sauti yake ilikuwa imehama, ilikuwa inatokea mahali karibu na masikio. “Mchana yanarudi.”

Mwalimu akamgeukia kwa sauti ya chini, ile ambayo watu wazima huongea wakidhani mtu aliye sakafuni hasikii. “Hawa mnawalipa vizuri? Mtu mzima hivi, unampigisha magoti. Hukupata kijana?”

“Tunajitahidi, mwalimu.”

Alitaka watoke jikoni. Akampeleka sebuleni, akamwonyesha balkoni, akausukuma mlango kwa ustadi wa mtu aliyejifunza sasa hivi. Mwalimu akaligusa lile pazia lililobaki dirishani, akageuza upindo wake, akautazama ule utepe wa pembeni.

“Zuri. Linabaki?”

“Linabaki.”

“Na mzigo huu?”

“Wa huyo mama. Anaondoka nao.”

Mwalimu akainama akaichukua picha, akaishika kwa mikono miwili kama inavyostahili picha ya mtu. “Na huyu mzee?”

Kutoka sebuleni mtu aliweza kuona jikoni, ile ndiyo sifa mojawapo ambayo Ghorofa alikuwa akiwaambia wateja. Kitambaa kilikuwa kimesimama tena. Mama hakugeuka. Alionekana mgongo tu, na visigino vyake vilivyogeuzwa juu, vimepauka na vumbi la safari.

“Mpangaji wa zamani,” Ghorofa akasema. “Aliisahau.”

Kuna aibu inayomjia mtu usoni, ikamchoma masikio, ikapita. Hii haikuja usoni. Iliingia ndani ikakaa pale, nzito, kama mtu aliyekuja na begi lake na ameamua kuhamia. Akatamani mwalimu aichukie fleti. Akatamani dari ianguke kidogo. Lakini mwalimu alikuwa ameridhika, alikuwa ameirudisha picha pale chini taratibu na kuanza kufungua mkoba, na tabasamu la kazi lilikuwa bado limebaki usoni mwa Ghorofa, limesahauliwa pale kama taa ya mchana.

“Hodi humu.”

Mlango hakuwa ameufunga. Jirani wa mlango wa pili aliingia na viatu vya nyumbani, mwanamke mnene mwenye haraka ya kirafiki, nyundo mkono mmoja, misumari mkono wa pili.

“Mama yetu uko wapi? Nyundo hii hapa. Yule bwana alikuwa ameikalia, eti anatafuta nyundo huku ameikalia. Lete picha ya mzee nikupigilie mwenyewe, usipande juu ya kitu na goti hilo.” Akamwona mwalimu. “Kumbe mna mgeni. Karibu, dada. Huyu kijana wetu leo ana neema, mama yake mzazi amehamia.”

Mwalimu akaacha kufungua mkoba.

Chini, karibu na lango, cherehani ilisikika ikienda, ikasimama, ikaenda. Ilikuwa ikipunguza mapazia.

Mama akaanza kuinuka. Ilimchukua muda, mkono mmoja kwenye kabati, mmoja kwenye goti, na Ghorofa aliyekuwa karibu naye kuliko wote hakusogea, maana dalali hamshiki mkono mama wa usafi. Akasimama. Akakikamua kitambaa, ingawa hakikuwa na maji ya kukamua.

“Umenifananisha, mama,” akamwambia jirani kwa upole kabisa. “Mimi nafanya usafi tu. Namalizia naondoka.”

“Nikufananishe?” jirani akasema. “Si wewe sasa hivi mlangoni kwangu, umenishika mkono huu, ukaniambia...” Akaishia hapo. Alimtazama mama, kisha akamtazama Ghorofa, lile tabasamu lililosahauliwa, kisha akamrudia mama, ambaye naye alikuwa akijaribu kutabasamu ili mambo yaishe. Akashusha nyundo.

“Haya, ni wa usafi,” akasema. “Basi huyu mwambie afumbe mdomo. Mwanya mmoja nauona kwa watu wawili.”

Ghorofa akafumba mdomo. Alikuwa amechelewa, mwalimu alikuwa amekwisha ona, na macho yake yalikuwa yakienda kwa mama na kurudi kwake, na kwenye picha chini, na kurudi tena, kama anayesahihisha karatasi mbili za mtihani zenye kosa moja.

“Mama,” mwalimu akauliza, na sasa hakupunguza sauti, “wewe unakaa wapi?”

Lilikuwa swali jepesi. Mama alifungua mdomo ajibu. Kisha akakumbuka kwamba ufunguo wa kule alikotoka ameurudisha, na sufuria amegawa, na akageuka akamtazama mwanawe, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeulizwa njia katika mji wa watu na anamtazama mwenyeji.

Mkono wa Ghorofa ukashuka wenyewe kiunoni. Ulikuwa unautafuta ule ufunguo mdogo, wa chumba cha chini cha dobi, chenye mlango unaoangalia uani. Vidole vikashika usio wenyewe, vikaachia, vikashika mwingine, na funguo zote za mji zikalia pamoja ndani ya sebule ile tupu.

Jirani alizisikiliza mpaka zilipotulia. Nyundo bado ilikuwa mkononi mwake.

“Hizo ni za watu,” akasema. “Wako ni upi?”